Nikipewa Picha, Huanza Kutazama Kiza

Kwa miaka mingi nimesafisha picha katika chumba cha kiza, na mtu akiniletea yake niikosoe, macho yangu hukimbilia kwanza pale palipo peusi kuliko pote. Penye mwanga hujieleza penyewe. Kivuli ndicho kinachonionyesha mpiga picha aliamua nini, kwa kuwa ni yeye aliyechagua kipi kionekane, kipi kidokezwe tu na kipi kimezwe kabisa.

Picha ninayopenda kuifundishia ni "Hallway" ya Roy DeCarava, aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1919, na aliyesomea uchoraji kabla ya kuigeukia kamera. Aliipiga mwaka 1953, mwaka mmoja baada ya kupata ufadhili wa Guggenheim, taasisi ya Marekani inayowasaidia wasanii na wanazuoni, akiwa mpiga picha wa kwanza Mmarekani mweusi kuupata. Ndani yake hamna mtu. Kuna ushoroba mwembamba wa nyumba ya kupanga, kuta mbili zinazosogeleana kadiri zinavyokwenda mbali, na mwanga hafifu usiotosha hata kumwonyesha mtu tundu la ufunguo. Mwingine angewasha flashi, nasi tungepata ukuta mchafu na basi. DeCarava alikuwa na desturi ya kutumia mwanga alioukuta, na shoroba za namna hiyo alizijua tangu utotoni. Weusi wake una tabaka: ukikaa na picha hiyo, kama mtu aliyetoka juani akaingia ndani ya nyumba ya mawe, macho huzoea polepole, ukaanza kutenganisha kijivu kizito na kingine kizito zaidi. (Tafadhali usiitazame kwenye simu uliyoipunguza mwanga ili kuokoa chaji, utaona kibandiko cheusi tu.)

Kamera yenyewe haina subira hiyo. Kipimo chake cha mwanga hukadiria kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ndiyo maana mzee mwenye kanzu nyeupe, akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, hutoka na kanzu ya kijivu na uso uliozama, ilhali ushoroba wenye kiza hutoka umepauka. Simu za siku hizi zimezidisha mambo, kwani programu zake huinua kila kivuli hadi chumba cha kulala usiku kikafanana na duka la dawa.

Somo hili mimi nilifundishwa na bibi mmoja, jirani yangu Mji Mkongwe, ambaye nilimpiga picha kwa flashi jioni moja akiwa barazani. Nilipompelekea aliishika mbali kidogo na uso, akaitazama, kisha akasema, "Mwanangu, umenipaka unga." Alikuwa na haki. Flashi ikitoka pale pale ilipo lenzi hufuta vile vivuli vidogo vinavyoipa ngozi umbo, hivyo mikunjo ya paji la uso na mfupa wa shavu, vitu vilivyomfanya awe yeye, vilikuwa vimetoweka.

Siku ya pili nilimketisha ndani ya mlango, hatua mbili kutoka kizingitini, mahali ambapo jua la utosi halikumfikia, ila mwanga uliogonga ukuta mweupe ng'ambo ya kichochoro ulimrudia shavuni. Kamera ilitaka mwanga mwingi zaidi. Nikainyima stopu moja na nusu, stopu moja ikiwa ni kupunguza mwanga kwa nusu. Upande wa kushoto wa uso ulizama pamoja na mtandio wake, na huko hakikubaki kitu ila nukta moja ya mwanga juu ya kipuli. Picha hiyo aliipokea bila neno, akaitundika chini ya saa ya ukutani. Ile ya kwanza sijui aliitia wapi.