Mbuzi na mfuko wa plastiki

Tumezoea kusikia kwamba mbuzi hula chochote na hakimdhuru. Si kweli. Mtazame kichakani: anadonoa jani hili, analiacha lile, midomo haitulii. Ni mchaguzi kuliko ng'ombe. Mfuko anaula kwa njaa, au kwa sababu umebaki na ladha ya chumvi na harufu ya maganda ya viazi.

Tatizo linaanzia tumboni. Tumbo lake ni moja lenye vyumba vinne, na kile cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, ni kama pipa la kuchachushia majani. Tundu la kutokea huko hupitisha vilivyosagika tu. Majani hucheuliwa na kutafunwa upya hadi yalainike. Plastiki hailainiki, wala vijidudu vya tumboni haviimengʼenyi. Inabaki, inajisokota na mingine kuwa bonge. Mbuzi anajiona ameshiba, kumbe anakonda huku tumbo limetuna. Gesi ikikosa njia, anaweza kufa ghafla.

Dawa ya kunywesha hailiyeyushi bonge hilo. Hutolewa kwa upasuaji. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, Tanzania 2019, lakini jalalani bado ipo.