Kozi ya kufundisha kwa watu wa afya ni nini hasa?

Ukisikia nesi au daktari anasoma kozi onlaini unajua lazima ni ugonjwa fulani au dawa mpya, kumbe kuna hizi nyingine za kujifunza kufundisha. Yaani kazi yake anaijua vizuri tu, ila amepewa wanafunzi wodini na hajawahi kuelekezwa mtu anafundishwaje.

Na hapo ndo penye shida, maana mkono ukishazoea kazi unaenda wenyewe. Nesi wa miaka mingi akiweka kanula, kile kibomba cha kuingiza dripu mshipani, anapapasa mshipa, anachoma, anabandika plasta, kamaliza, muulize umejuaje huu mshipa ndo wenyewe atakwambia utausikia tu kwa kidole. Mwanafunzi hausikii! Ndo maana kwenye hizi kozi hatua nne za Peyton, daktari wa upasuaji wa Uingereza, zinatajwa sana: kwanza unafanya kwa mwendo wako wa kawaida bila kusema kitu, halafu unarudia taratibu unaeleza kila hatua, mara ya tatu mwanafunzi anakuelekeza na wewe unafanya anachosema, mwisho anafanya yeye huku anaeleza. Hiyo ya tatu mimi ndo naipenda kuliko zote, asichokielewa kinajulikana kabla hajamgusa mgonjwa.

Kuna pia kutunga mitihani, na kumkosoa mwanafunzi bila kumwaibisha mbele ya mgonjwa.

Onlaini inasaidia kwa sababu mtu wa zamu darasani hapatikani, leo usiku kesho mchana, kwa hiyo anasoma akipata nafasi. Lakini video na maswali ya kuchagua peke yake haitoshi jamani. Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 alichora piramidi ya ngazi za ujuzi, chini kabisa ni kujua, juu yake kujua inavyofanywa, kisha kuonyesha, na kileleni ni kufanya kweli kazini, sasa kozi ya kuangalia tu inakuacha huko chini. Kabla hujajiunga uliza kama kuna sehemu utajirekodi ukifundisha hata dakika tano, wenzako na mkufunzi waangalie wakwambie. Inauma kidogo kujiona, unakuta umeongea mwanzo mpaka mwisho na mwanafunzi hujamuuliza swali hata moja, ila ndo unapojifunza. Na ukitaka kurekodi wodini mgonjwa aombwe ruhusa kwanza, akikataa basi, tumia sanamu ya mazoezi.