Si kila mti uliozoeleka ni wa asili

Wengi wakitaka kumzawadia mpenda mimea ya asili hupita kwenye vitalu vya barabarani, Kisumu au Nakuru, wakabeba mche wa jakaranda. Wanaamini mti uliokuwapo tangu enzi za babu ni wa hapa. Sivyo. Jakaranda ilitoka Amerika Kusini, mkaratusi Australia, mwarobaini Asia Kusini. Mbaya zaidi ni lantana: asili yake ni Amerika, huvamia malisho, na ng'ombe akiila hudhurika.

Badala yake chukua siala, mti wa asili ambao Waluhya huuita lusiola. Maua yake ni ya manjano, na ukichungulia ndani utaona mistari myekundu. Maganda ni membamba na marefu. Yakipasuka, mbegu zenye mabawa mepesi hupeperuka. Nguzo zake hustahimili mchwa, ndiyo maana wazee waliipanda mipakani.

Murembe nao ni wa kwetu, wenye maua mekundu yanayovuta ndege chozi. Ila una miiba, na Waluhya waliutumia kuapia, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kuupeleka bomani kwa mtu.

Kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kule Maseno ni mahali pazuri pa kuulizia miche. Tafadhali usiing'oe msituni Kakamega. Bila kibali ni kosa, na msitu wenyewe umeshapungua vya kutosha. Kama huijui bustani ya unayemzawadia, mpe mkasi mzuri wa kupogolea, au gunia la samadi iliyooza vizuri. Mimi ningechagua samadi.