Utalii wa malikale ni nini?

Malikale ni neno la kuunga: mali na kale. Tanzania limekuwa neno rasmi, tena lipo katika jina la Sera ya Malikale ya mwaka 2008. Upana wake unazidi magofu. Michoro ya miambani Kondoa ni malikale, nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6 ni malikale, na kimondo cha Mbozi nacho huhesabiwa humo.

Utalii wa malikale ni kusafiri ili kuyaona na kuyaelewa mambo hayo. Nakazia kuelewa, maana hapo ndipo utalii huu unapoachana na ule wa mbugani. Simba humsisimua mtu hata kama hakuna anayemweleza lolote. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna uwezo huo.

Tazama Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Mgeni aliyefika peke yake ataona kuta zilizobomoka na shimo la pembe nane, atapiga picha mbili na kurudi kwenye boti. Mpe mwongozaji anayeijua kazi yake. Ataambiwa kwamba shimo lile lilikuwa bwawa ndani ya kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100, juu ya jabali linalotazama bahari. Ataambiwa kwamba Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, na kwamba sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe, kwa kuwa dhahabu ya huko ilishuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, kisha ikapita Kilwa kwenda ng'ambo. Huyo hatalitazama tena lile shimo kwa macho ya kwanza.

Kwa hiyo eneo la malikale hupuuzwa kwa njia mbili: kuachwa libomoke, na kuachwa bila msimulizi. Ya kwanza huonekana upesi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua, mizizi na mawimbi vilikuwa vikiyala. Baada ya ukarabati yalitolewa humo mwaka 2014. Ya pili haina orodha, na kwa maoni yangu ndiyo inayotugharimu zaidi. Tangazo zuri likimleta mgeni mahali pasipo na kibao, njia, choo wala mtu wa kumweleza, ataondoka na kuwaambia wenzake kwamba hakuna cha kuona.

Kuna jambo jingine ambalo mipango mingi hulisahau: wenyeji. Kilwa Kisiwani watu wanaishi jirani na magofu. Kondoa, michoro yake iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna miamba ambayo Warangi bado huiendea kwa matambiko, Mongomi wa Kolo ukiwa mmojawapo. Kwao pale ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji kabla ya kuwa kivutio. Utalii ulio bora huanza kwa kuwauliza siku gani mgeni aruhusiwe, asimame wapi, nani aongoze, na kiasi gani cha kiingilio kibaki kijijini.