Sio kwamba alipona mtu mmoja tu Saint-Pierre

Ukifika Saint-Pierre, kisiwani Martinique, lazima upelekwe kuona kale kaselo ka mawe, kuta nene hatari, dirisha hakuna. Stori utakayopigwa ni ileile, eti tarehe 8 Mei 1902 volkano ya Mont Pelée ilimaliza mji mzima, kama watu 28,000 hivi, akapona mfungwa mmoja tu, Cyparis.

Cyparis kweli alipona, alitolewa humo baada ya siku kadhaa akiwa na majeraha mabaya ya moto. Ila hakuwa peke yake jamani. Kuna fundi viatu, Léon Compère-Léandre, alikuwa kwake pembeni mwa mji, akaungua miguu lakini akakimbia na kufika Fonds-Saint-Denis. Halafu wapo wa bandarini, meli ya Roddam ilichomoka ikiwaka huku mabaharia wengine washakufa, na hata Roraima iliyoteketea palepale ilikuwa na walionusurika.

Sasa hii ya "mmoja tu" ilikuzwaje? Cyparis alichukuliwa na sarakasi ya Barnum & Bailey ya Marekani, akawa anaonyeshwa kama kiumbe pekee aliyepona, na ukweli fundi viatu asingeuza tiketi. Ukienda, pita na kwenye jumba la makumbusho ya maafa hayo, lilianzishwa 1933 na Frank Perret, mtaalamu wa volkano.