Seli Nyeupe Zikipanda, Uliza Kwanza Unameza Dawa Gani

Mwezi huu pekee, wagonjwa watatu wameingia katika maabara yetu hapa Kisumu wakiwa na karatasi ya hemogramu, yaani kipimo cha hesabu ya seli za damu, mkononi na kauli ile ile mdomoni: "Daktari, seli nyeupe zimepanda, damu yangu imechafuka, nahitaji sindano." Mmoja wao, mama mwenye pumu kutoka Ahero, alikuwa na seli 14,600 kwa kila mikrolita, ilhali kikomo cha juu kwenye karatasi yake kilikuwa 11,000. Hakuwa na homa wala kidonda, na tayari alikuwa amenunua viuavijasumu dukani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anatumia dawa gani. Mkobani mwake mlikuwa na tembe za prednisoloni alizoanza siku mbili kabla.

Prednisoloni huiga kotisoli, homoni ya tezi za adrenali. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria, nyingi hukaa zimejibandika kwenye kuta za mishipa ya damu, na mashine haiwezi kuzihesabu kwa sababu sindano huvuta zile tu zinazosafiri na damu. Dawa hii huzibandua, huzizuia zisitoke kuingia kwenye tishu, na huuchochea uboho, kiwanda cha seli za damu ndani ya mifupa, kuachilia nyingine, hivyo hesabu hupanda ndani ya saa chache bila kijidudu chochote kuhusika. Wakati huo huo limfosaiti na eosinofili, aina nyingine mbili za seli nyeupe, hushuka, jambo ambalo lilionekana wazi kwenye karatasi ya mama huyo, mistari miwili tu chini ya ile jumla iliyomtia hofu. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba mgawanyo wa seli, yaani hesabu ya kila aina, usomwe kabla ya jumla yake.

Wapo pia wanaofurahi kwamba kinga yao imeongezeka. Haijaongezeka, kwa kuwa nyutrofili iliyozuiliwa ndani ya mshipa haimfikii adui aliye kwenye pafu au ngozi. Isitoshe, prednisoloni inaweza kuificha homa, kwa hiyo mgonjwa anayezidi kudhoofika, au ambaye damu yake ina seli changa nyingi, achunguzwe maambukizi hata kama anaitumia.

Si dawa tu: kwa mjamzito, seli nyeupe 15,000 si ajabu, na wakati wa uchungu hesabu inaweza kupita 20,000.

Hesabu ikiwa ya chini, tuseme seli 3,500, nayo si ushahidi wa virusi vya UKIMWI, ambavyo vina kipimo chake. Waafrika wengi wenye afya njema huzaliwa na nyutrofili chache kuliko viwango vilivyotokana na watu wa Ulaya.

Baada ya tibakemikali, yaani dawa za saratani, seli nyeupe kwa kawaida hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, na juisi ya bitiruti haizipandishi. Sindano ya filgrastimu huzipandisha, kwa kuwa ni nakala ya kichocheo cha mwili chenyewe kinachouamuru uboho kuzitengeneza. Mgonjwa wa aina hii akifikisha joto la nyuzi 38, aende hospitali usiku huo huo, wala asisubiri kupambazuke.

Anayetumia karbimazoli kwa ajili ya goita inayotoa homoni kupita kiasi, hasa katika miezi 3 ya kwanza, akipata homa na maumivu ya koo asijitibu kwa maji ya chumvi, kwani dawa hiyo inaweza, ingawa mara chache, kuzimaliza nyutrofili karibu zote. Asimeze tembe nyingine kabla ya kupimwa damu, na apimwe siku hiyo hiyo.