Je, wajua kwa nini mwenye ADHD huanza mazoezi kwa ari kubwa kisha akayaacha?

Kila ifikapo Januari, barabara za Moshi hujaa wakimbiaji alfajiri. Kilimanjaro Marathon imekaribia, maana hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na watu wanajiandaa kwa kilomita 42, 21 au zile 5 za kujifurahisha. Kati yao yumo mtu mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kushika umakini, na huenda ndiye anayejituma kuliko wote. Kanunua raba mpya, kajiunga na kikundi cha jogging, kawashawishi hata majirani. Mbio zikipita na masika yakaingia, raba zinabaki uvunguni mwa kitanda. Nyumbani wanasema hana msimamo. Inakuwaje aache kitu anachokipenda na anachojua kinamsaidia?

Jibu liko katika namna ubongo wake unavyopima faida. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Duniani inakadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 katika kila 100, na wengi wao hukua nayo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupanga, kuanza kazi na kuvumilia, hutegemea sana kemikali mbili: dopamini na noradrenalini. Kwa mwenye ADHD, mfumo wa kemikali hizo hufanya kazi tofauti, na moja ya matokeo yake ni kwamba faida ya mbali hukosa uzito. Mwambie presha yake itakuwa nzuri mwakani, atakubali kwa dhati, lakini maneno hayo hayatamtoa kitandani. Kinachomtoa ni kitu kipya, kinachosisimua, chenye wenzake ndani yake, au chenye tarehe iliyo mlangoni.

Januari ilikuwa na vyote hivyo. Machi vikaondoka kwa mpigo. Mtu ni yuleyule; kilichomshikilia ndicho kilichokwisha.

Kuna pia shida ya kuanza. Kutafuta soksi, kujaza maji, kukumbuka ufunguo uko wapi: kila hatua ni mahali pa kupotelea. Akishika simu “dakika tano tu”, saa nzima imekwenda, kwa sababu wengi wenye ADHD huona vigumu kuhisi muda unavyopita.

Kinachoniuma ni kwamba huyu ndiye ambaye mazoezi yanamfaa zaidi. Kutoa jasho huchochea kemikali zilezile, na tafiti zimeonyesha kuwa hata zoezi la mara moja la nusu saa hivi linaweza kuboresha umakini kwa muda baada ya kumaliza. Hayachukui nafasi ya dawa, na anayetumia dawa asiiache bila kuzungumza na daktari wake. Lakini asubuhi aliyokimbia na asubuhi aliyolala, mwenyewe huona tofauti.

Sasa, kumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi. Hakuna aliyekuuliza kama una ari. Filimbi ilipulizwa, kiranja akaanzisha wimbo, mkaitikia, miguu ikafuata. Ishara ilitoka nje, wenzako walikuwa ubavuni, na raha ilikuwa palepale kwenye wimbo. Nadhani huo ni mpango bora kwa mtu mzima mwenye ADHD kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani. Tafuta mwenzako atakayebisha hodi saa kumi na mbili. Lala na nguo za mazoezi, ufunguo ukiwa ndani ya raba. Weka nyimbo unazozisikiliza ukiwa unakimbia tu, si wakati mwingine.

Na badilisha bila aibu. Leo kimbia kuelekea msitu wa Rau, kesho panda barabara ya Kibosho kwa miguu, mvua ikinyesha ruka kamba barazani, Jumamosi ingia uwanjani kucheza mpira. Wengi huhesabu hayo kuwa ni kurukaruka. Kwa ubongo unaoishi kwa upya, ndiyo njia ya kudumu. Kwa sababu hiyohiyo, jimu ya kulipia kwa siku mara nyingi humfaa kuliko ada ya mwaka mzima.

Kiasi nacho kisikutishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na mwongozo wake wa 2020 hauna tena sharti la kwamba kila kipande kifike dakika 10. Kushuka kwenye daladala kituo kimoja kabla na kutembea kwa kasi kunahesabika.

Siku zitapotea, hasa masika. Hatari iko siku ya pili, pale mtu anaposema “nimeshaharibu” na kuacha yote. Kwa hiyo panga mapema namna ya kurudi, na iwe rahisi mno: kuvaa raba na kufika hadi geti la nyumba, basi. Akifika pale, mara nyingi ataendelea.

Wewe unayeishi naye, “umeacha tena?” haimsaidii; aibu humfanya akwepe hata kuziangalia zile raba. Mwambie, “Kesho saa kumi na mbili nakupitia,” kisha mpitie kweli.